Sefu Ndiye Atakayefika Kibiti

Kwako mke wangu Mwanahawa,

Mungu ajaalie karatasi hii ikukute hai na mzima. Mama hajambo? Huku Ugogo tunasikia vita vya maji vimeenea Rufiji na askari wanachoma maghala. Sijui kama bado mko Kibiti au mmekimbilia Maparoni kwa shangazi. Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Kazi ni ileile, kwa yule Mjerumani anayechunguza matetemeko. Hapa nchi imepasuka, upande mmoja umedidimia, na ardhi hutikisika mara kwa mara. Mtambo wake una sindano inayokwaruza karatasi yenye masizi. Tetemeko hupita chini sana, mwambani. Mwamba mgumu hulipitisha upesi, uliolegea hulichelewesha. Kwa mwendo huo anatambua kilichopo huko chini, ambako hakuna mchimbaji atakayefika.

Sasa anataka mtambo wa pili Rufiji, hapo kwetu Kibiti, tetemeko moja lipimwe huku na huko. Nilikuwa na hakika atanituma mimi. Akamchagua Sefu, mtu wa Bagamoyo ninayelala naye hema moja. Nilipouliza sababu, alisema mtu wa Rufiji akirudi kwao sasa ataingia vitani.

Sefu akaniambia, "Basi mkeo nitamwona kabla yako."

Najua hakuwa na nia mbaya. Lakini tangu hapo sijala naye sahani moja. Nikimwona anachana ndevu, namchukia. Nawaza wali wako wa nazi na sauti yako ukimkaribisha mgeni, naomba apotee njia.

Jana akaja kuniuliza njia iliyo salama. Nikampa mgongo. Akasema, "Selemani, mimi naogopa. Wapiganaji wakinikamata na mizigo hii ya Mjerumani wataniua." Hasira zikanibaki, ila ulimi ukafunguka. Nimemwelekeza apitie Mchukwi, aiepuke njia ya mtoni, na akiulizwa na watu wa kwetu aseme ametumwa nami, mumeo.

Mpe chakula barazani, mama akiwapo. Asikae mpaka chakula cha pili.

Nisalimie mama, shangazi, na shemeji yangu mkata mikoko. Waambie nawaombea kila swala.

Jambo moja zaidi, na ndiyo maana barua hii naitanguliza kwa msafiri anayeondoka leo, kabla ya Sefu. Nguo za Sefu ni za Kijerumani, zingemponza, nimempa kanzu yangu uliyoidarizi kwa mkono wako. Ukiiona kwa mbali inakuja, usikimbie kuipokea. Aliyeivaa si mimi.

Mumeo,
Selemani