Tangi la Kushoto

Dar es Salaam
2 Mei 2023

Kwa Baba, Kapteni Mansuri, Kilindoni

Assalaam aleikum, Baba, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Shangazi Mize na wote wa hapo nyumbani. Mimi sijambo, ila mafua ya Dar hayana adabu, yanaingia bila hodi. Barua anakuletea Luqmani, mwanafunzi wako wa zamani, ambaye wiki hii yuko zamu ya kurusha ndege ya Mafia.

Najua utasema, "Mtoto ana simu mkononi na bado anaandika!" Wewe ndiye uliyetuzoesha. Ulipokuwa unarusha ndege za abiria ulituandikia kila ulikolala, na wenzako wakatuletea. Isitoshe, kwenye simu nikikusikia tu unakohoa, nasahau nilichotaka kusema.

Kwanza habari njema: nimepata kazi. Mwezi ujao naanza kuwa rubani msaidizi katika kampuni ndogo ya ndege za kukodi. Wewe ulianza jeshini, ukaja kwa abiria, ukaishia kuwa mwalimu. Mimi naanzia katikati.

La pili ni ile safari yetu ya Idi. Tulipopewa ndege ya chuo chako cha urubani tuje nayo nyumbani, asubuhi ile ilikuwa imeshatumika kwa mafunzo, na mafuta ya tangi la kushoto yalikuwa yamebaki kidogo. Tukaruka kwa tangi hilohilo. Niliuona mshale wa kipimo chake ukishuka tangu tulipouacha mwambao. Nikasema moyoni: Baba ameuona. Tulipoanza kukiona kisiwa cha Bwejuu mbele yetu ulikuwa umelala kabisa, nami bado nimenyamaza. Kisha injini ikakohoa, ikanyamaza, na nikausikia upepo nje ya dirisha. Ukageuza swichi ya mafuta kwenda tangi la kulia, injini ikawaka, ukacheka ukaniambia, "Nilikuwa nakupima."

Nyumbani ukawahadithia wote kwenye pilau. "Mtoto aliganda kama dagaa wa barafu!" Shangazi Mize akacheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Na huyu ndiye atakayetupeleka Makka? Mimi nitapanda meli!" Nikacheka nao.

Baba, ulikuwa unanipima kweli? Nauliza tu.

Mwanao,
Swabaha

*

Kilindoni
9 Mei 2023

Swabaha, mama,

Waaleikum salaam, na marahaba. Sisi huku wazima, tunakula na kusaza. Goti la shangazi yako linamsumbua panapokaribia mvua, kwa hiyo sasa anajiita mtabiri wa hali ya hewa na anataka mshahara. Pole na mafua. Kunywa tangawizi, acha vidonge.

Kazi hongera, tena hongera sana! Nimemwambia kila mtu sokoni, na wasionijua nimewaambia pia. Muuza ndizi ameniuliza kama utamchukua bure. Nimemwahidi kwa niaba yako.

Ndiyo, nilikupima. Tena ulifeli. Lakini usilie, hata mimi nilifeli mengi. Kule Ngerengere, tulipokuwa vijana wa jeshi la anga, mwalimu wangu alikuwa mtu wa maneno machache na makofi mengi. Ukimsahihisha mkubwa wako, unakimbia kuuzunguka uwanja na parachuti mgongoni, jua la saa saba. Nilikimbia mara moja, nikajifunza kunyamaza. Nilipokwenda kwenye shirika la ndege ndipo nikakuta dunia imegeuka. Walituweka darasani, makapteni wazima wenye mvi, tukafundishwa kuwasikiliza watoto. Mwanzo nilinuna. Siku moja kijana mmoja akaniambia, "Kapteni, sikubaliani nawe," nikatamani kumteremsha njiani. Lakini alikuwa sahihi, na tukafika salama. Tangu siku ile kila mwanafunzi wangu namwambia neno la kwanza: ukiona kosa, sema, hata kama anayekosea ni mimi.

Basi nawe, ukiona, sema.

Habari yangu mimi: chuo kimeniomba niendelee miaka miwili mingine. Daktari amenipima macho na moyo, ameridhika. Mwezi wa saba napewa wanafunzi wapya wawili, na mmoja ni binti wa Bwejuu, Furaha, mjukuu wa Bi Aziza. Kule Bwejuu hajawahi kutokea mtu wa kushika usukani wa ndege. Alikuja na bibi yake kunisalimia. Ana adabu kama wewe, hawezi hata kunitazama usoni. Utampenda.

Ni mimi, baba yako,
Mansuri

*

Dar es Salaam
16 Mei 2023

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini hamjambo wote, na goti la Shangazi limepumzika. Mafua yameondoka. Usingizi nao umeondoka.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko nilivyosoma vitabu vya mitihani. Kila mara nafika kwenye neno moja, "nilikupima", nasimama hapo. Nisamehe kwa ninayoyaandika. Nimeyafuta, nimeyaandika upya, na bado ni yaleyale.

Wewe hupimi mtu juu ya maji. Ni sheria yako, si ya chuo. Luqmani anaijua, wote uliowafundisha wanaijua: injini huzimwa kwa mtihani pale tu penye shamba au barabara chini. Tulikuwa juu ya bahari, na chini hapakuwa na hata ngalawa. La pili, niliuangalia mkono wako. Anayepima mtu anajua alipoficha jibu. Mkono wako ulikwenda kwenye redio, ukarudi, ukaenda kwenye swichi ya kuwashia injini, ndipo ukashuka kwenye ile ya mafuta. Ulikuwa unatafuta, Baba. Na uso wako sikuwahi kuuona hivyo hata siku tuliyomzika Mama.

Nakuandikia haya nikijua kwamba mimi nina kosa kubwa zaidi. Wewe hukuona. Mimi niliona. Nilikaa na mshale ule mbele yangu, na ulimi ukawa mzito, kwa sababu aliyekuwa kushoto kwangu ni mtu ambaye sijawahi kumkatiza hata akihadithia kisa kwa makosa. Umewafundisha watoto wa watu kusema. Nyumbani ulitufundisha kwamba mkubwa akiwa na neno, mdogo anasubiri. Yote mawili niliyashika, na siku ile hayakuweza kukaa katika kiti kimoja.

Unaniandikia kwamba Furaha hawezi kukutazama usoni, na unafurahi. Mimi niliposoma hapo niliiweka barua chini. Siku utakaposahau tena, na yeye ndiye aliye kando yako, nani atasema?

Waambie chuo, Baba. Wewe mwenyewe. Pumzika. Umeruka vya kutosha watu watatu.

Nasubiri jibu lako, hata kama ni la hasira.

Mwanao anayekupenda,
Swabaha

*

Dar es Salaam
24 Juni 2023

Baba,

Shikamoo. Sijui mko katika hali gani, maana hujaniandikia. Luqmani ananiambia anakuona uwanjani, umevaa miwani yako ya jua na unawakagua marubani kwa macho kama ukaguzi wa gwaride, kwa hiyo najua u mzima. Alinipa mfuko ulionitumia. Pweza mkavu alikuwa mtamu, na nazi zimenifaa. Nilitoa kila kitu, nikatikisa mfuko, nikautazama ndani. Pweza hajibu barua, Baba.

Nikikupigia, anapokea Shangazi. "Baba yako yuko msikitini." Nikipiga saa nne asubuhi, yuko msikitini. Nikamwambia, "Shangazi, siku hizi amekuwa imamu?" Akanijibu, "Mwanangu, mmegombana nini? Chai anaiacha inapoa, halafu ananilaumu mimi kwamba imepoa." Sikumwambia. Sijamwambia mtu yeyote.

Kazi nimeanza. Kapteni wangu anaitwa Kheri, wa rika lako, mpole, na anakuheshimu mno. Juma lililopita tulikuwa tunashuka kutua Songea, upepo wa ubavu unatusukuma, naye akawa anausaka uwanja kwa macho, mwendo ukashuka chini ya pale unapotakiwa kuwa. Nikaona. Ulimi ukaanza kuwa mzito vilevile. Nikaifikiria Bwejuu. Nikasema, na hata sijui maneno yalivyojipanga: "Shikamoo Kapteni, mwendo umeshuka."

Akaongeza nguvu palepale. Tulipotua akanigeukia. "Binti Mansuri, shikamoo ya nini angani? Mwendo kwanza! Salamu tutapeana chini."

Akacheka, nami nikacheka, kisha nikaenda chooni nikalia. Nilitamani ningelikwambia wewe neno lile. Ningelisema tu, "Baba, tangi la kushoto," maneno manne, leo tusingekuwa hapa. Au tungekuwa hapahapa, lakini ungejua kwamba nilisema.

Kwa hiyo leo nasema lililobaki. Mwezi wa saba unakaribia. Ukipanda ndege na Furaha kabla hujawaeleza chuo, nitakwenda mimi kwa mkuu wa chuo, na nitamweleza nilichokiona. Sijui kama kuna mtoto aliyewahi kumfanyia mzazi wake hivi akabaki na radhi. Nimekaa na swali hilo usiku na mchana. Radhi yako naihitaji kuliko leseni yangu. Lakini yule binti ana bibi anayemsubiri Bwejuu.

Usinijibu kwa pweza.

Swabaha wako

*

Kilindoni
8 Julai 2023

Mwanangu Swabaha,

Waaleikum salaam. Marahaba, tena marahaba. Nimerudi jana kutoka Dar na sikupita kwako. Usinune. Nilikuja kwa jambo ambalo nililitaka liwe langu mwenyewe, na kulimaliza kwanza.

Sikuwa nakupima.

Nimeiandika peke yake uione vizuri. Injini iliponyamaza sikujua ni nini. Kwa pumzi mbili tatu sikujua chochote, kama mtu aliyeamshwa katika nyumba isiyo yake. Kisha mkono ukakumbuka. Neno "nakupima" lilinitoka kabla sijalifikiria, na baada ya hapo nikalitunza, nikalihadithia kwenye pilau ili liwe kweli. Barua yako ya pili niliichana. Kisha nikaokota vipande, maana shangazi yako angeviona.

Nilikuwa na hasira, sitakuficha. Nikasema, huyu niliyemfundisha kushika kijiko! Lakini hasira haikujibu swali la mkono wangu. Basi nikampigia Sadick, unamkumbuka, tuliyekuwa naye jeshini, sasa anafundisha chuo hichohicho. Nikamwambia, "Turuke pamoja, mimi na wewe, juu ya nchi kavu. Kaa kando yangu, na nikikosea, nyamaza. Usiingilie mpaka uone tunakufa."

Akasema, "Mansuri, wewe umeanza uchawi?"

Nikamwambia, "Nataka kujua tu."

Tuliruka asubuhi. Tangi sikulisahau, nililitazama kama mtu anayemchunga mwizi. Nikaanza kujisifu. Nikazunguka, nikashuka, nikaja kutua, kila kitu laini kama hariri. Nikasikia waongoza ndege wa mnarani wananiuliza kwenye redio, "Unakwenda wapi?" Sikuwa nimeomba ruhusa ya kutua, mwanangu. Tangu ujana wangu sijawahi kuingia uwanja wa mtu bila hodi. Nilipotazama, kulikuwa na ndege ya abiria imesimama mwanzo wa njia ya kurukia, inataka kuondoka. Nikaongeza nguvu, nikapaa, nikazunguka tena.

Sadick alinyamaza kama nilivyomwomba, lakini shati lake lilikuwa limelowa mpaka kiunoni. Tulipozima injini akabaki amekaa. Akasema, "Uliniomba ninyamaze, nimenyamaza. Usiniombe tena jambo hili maisha yako yote."

Nikaenda kwa mkuu wa chuo siku hiyohiyo, na Sadick kando yangu. Huna haja ya kwenda. Furaha atafundishwa na Sadick. Nilikutana na binti mwenyewe pale nje, nikamweleza sababu yote bila kupunguza. Aliinama. Nikamwambia, "Nitazame." Alichukua muda, lakini alinitazama.

Radhi unayo. Ulidhani utaipoteza kwa kunitaka niwe hai?

Sasa nikuhadithie safari ya kurudi. Nilikata tiketi. Kwenye kaunta binti mmoja akaniambia, "Mzee, panda mizani na mkoba wako." Miaka yote mizani ile ilinijia mimi kama tarakimu, abiria kiasi fulani, mizigo kiasi fulani. Nikapanda. Ndege ilikuwa ya Luqmani. Aliponiona akaruka kama kuruta: "Kapteni! Kaa hapa mbele na mimi." Kiti cha kando yake kilikuwa wazi. Nikamwambia, "Hapana, baba. Nikikaa hapo utanisikiliza." Nikaenda nyuma.

Kando yangu alikaa mama mmoja, Bi Mwamvita, aliyekuwa Dar kwa matibabu ya macho na hajawahi kupanda ndege. Tulipoanza kuukaribia uwanja wa Kilindoni, Luqmani akapunguza nguvu, mlio wa injini ukabadilika. Yule mama akanishika mkono kwa kucha. "Nini hicho, kaka? Imezimika?"

Miguu yangu ilikuwa imeshajikaza sakafuni, inatafuta pedali. Vidole vinataka kugusa kitu.

"Haijazimika," nikamwambia. "Rubani anafanya kazi yake."

"Una hakika?"

"Nina hakika, dada."

Kisha nikafumba macho, Swabaha. Sijawahi kufumba macho angani. Nilikaa hivyo mpaka magurudumu yakagusa ardhi.

Njoo Idi ijayo. Uje na ndege, uje na boti, uje tu.

Baba yako