Jina la binti yangu

Jumanne. Mvua tangu asubuhi, na vumbi la kiwanda limegeuka tope mbele ya mlango. Afadhali. Majirani wamejifungia ndani, hakuna aliyeniuliza habari za kesi yangu ya tribinali.

Nimeona aibu. Naiandika hivyo hivyo.

Mke wangu alipofariki, mtoto wetu alikuwa na miaka miwili. Nilimpeleka Kikula kwa mdogo wa marehemu, nikasema ni kwa muda tu. Sasa binti ana miaka kumi. Kutoka hapa Shituru ni mwendo mfupi wa baiskeli, na baiskeli ninayo.

Mwaka huu daktari alitaka saini ya baba ili ampasue tumbo haraka. Walinitafuta kazini, wakanitafuta nyumbani. Nilikuwa kwenye pombe. Shemeji akatia saini yake, na mtoto alipopona akaenda kuiomba tribinali inivue haki za baba, ziwe zake.

Leo nilikwenda kupinga. Niseme ukweli: sikumpigania mtoto, nilipigania nyumba. Kampuni hutoa vyumba viwili kwa mwenye mtoto aliyeandikwa kwenye kitabu chake cha kazi, na mimi nalala humo peke yangu.

Nikampa hakimu kitabu. Akasoma jina la mtoto: Bernadette. Kisha akanitazama. Majina ya ubatizo serikali ilituamuru kuyaacha zamani. Hata mimi langu nililibadili, na siku hizi hakuna bwana, kila mtu ni citoyen, mwananchi.

"Citoyen, mutoto anaitwa nani leo?"

Sikujua.

Nilikohoa, nikageuzageuza kofia mikononi. Nyuma yangu nikasikia mtu akininong'oneza: "Ngalula, papa. Sema Ngalula." Alikuwa binti yangu mwenyewe, ananisaidia jinsi wanafunzi wanavyosaidiana darasani. Nikasema Ngalula. Ukumbi mzima ulikuwa umeshasikia.

Hukumu haikuchukua muda: haki zikaenda kwa shemeji. Nilitia saini pale nilipoonyeshwa. Safari hii nilipatikana.

Nje nilimwomba binti yangu radhi kwa kutolijua jina lake. Aliniangalia bila hasira yoyote.

"Si neno, papa. Miye pia sikuyua sura yako. Mama mudogo njo alinionyesha weye leo pa mulango."

Maji yakimwagika hayazoleki. Ila hakimu hakunikataza kumtembelea. Jumapili nitapanda baiskeli mpaka Kikula, nipige hodi. Wakiuliza ni nani, nitajibu nini?