Nukta Nyeusi za Kaka Yako

Wifi yangu Esta,

Salamu kutoka Njoro, ambako mvua inanyesha nami nacheka peke yangu. Leo, katika maabara ya huku, nimeonyeshwa picha ya ubongo wa marehemu kaka yako, ule tuliokubali uhifadhiwe kwa utafiti. Umejaa nukta nyeusi, ndogo kama za kalamu yangu. Mpimaji, msichana mchangamfu, akaniita mama kwa lugha ya vijana, akasema, "Mathe, hii nukta yote ni damu ilivuja akiwa hai, ikamvuruga akili." Sarufi ilidai "nukta hizi zote", lakini nilimkumbatia badala ya kumsahihisha. Esta, aliyekuita mwizi wa kuku akakufukuza ni ugonjwa, si kaka yako! Njoo nyumbani kwangu, kule Bahati, Jumapili. Nitakuchinjia jogoo; ukipenda, mwibe kwanza.

Wifi yako akupendaye,
Ruthu