Wifi Yako Amevaa Koti Langu

Chumba cha nyuma,
Juu ya duka la vioo.
9 Agosti

Mpendwa dada yangu Kijino,

Hujambo wewe, na goti lako linasemaje? Shemeji bado anakohoa, au ameacha ubishi akanywa dawa? Sisi wazima. Cherehani inakwenda, ila macho yananinunia kila nikitafuta tundu la sindano.

Haya, keti. Nimeingia kwenye maigizo. Cheka umalize, nasubiri.

Wifi yako ndiye aliyeanza. Kikundi chao kikaalikwa kuzunguka miji mingine, nikakataa katakata mke wangu kwenda. Kisha nikajiunga mwenyewe, nimchunge. Kumbe kiongozi wao, msusi mmoja mwenye mdomo kama mkasi, kaamua wanaume wacheze wanawake, na wanawake wacheze wanaume. Mimi nikapewa nafasi ya mke. Mume wangu nani? Wifi yako.

Jumamosi ukumbi ulifurika. Wifi yako akaingia na koti langu la harusi, masharubu ya masizi. Kijino, nilijiona natembea. Akaketi, akajikohoza kama mimi, akasema, "Mama, maji." Na jagi liko ubavuni pake. Nikammiminia. "Mbona ya moto?" Nikaenda kubadilisha. "Mama, viatu." Watu hawana mbavu, na jina wanalolitaja ni langu.

Alipoagiza tena, gauni linanibana, jasho linanichuruzika, maneno niliyofundishwa yakaniruka. Nikamfokea, "Wewe mzee, mikono umeazimisha? Inuka uchukue mwenyewe."

Hayo hayakuwamo kwenye mchezo. Wanawake walisimama wakapiga vigelegele mpaka mabati yakatikisika. Naye akanikazia macho, akasema taratibu, "Wanawake wa siku hizi hawana adabu." Neno langu hilo, Kijino, na sauti yangu. Sijawahi kuona mtu wa kuchosha kama yule mzee.

Nyumbani nikajikuna shingo, nikamwambia basi, nimekuruhusu, nenda.

"Ruhusa nilishajipa," akasema. "Nilikuwa nangoja unipunguzie koti. Mabega yananipwaya."

Nimelipunguza. Jana kabla ya kulipiga pasi nikalijaribu, mkono ukakwama kwenye kiwiko. Halinitoshi tena. Tunaondoka Jumatatu wote wawili, na msusi kasema ule ufidhuli wangu ubaki kwenye mchezo.

Msalimie shemeji, na wapwa zangu wote, hata yule anayenunanuna. Mungu awalinde, akupe na goti jipya.

Kaka yako akupendaye, ambaye kwa sasa ni mke wa wifi yako,

Fundi Cherehani