Embe Iliyo Kwenye Friji

Robi,

Ukirudi kutoka sokoni usiogope damu iliyo sakafuni. Ipige deki na maji baridi.

Ile sufuria kwenye friji ni ya embe, ndizi na maziwa mgando, biskuti ziko chini. Haipikwi. Ikishikana ibebe, ukale na dada yako Priscilla kwa jirani, Mama Damaris. Mlale huko huko.

Asubuhi Priscilla alikuwa anakata ndizi, kaka yako Ken anatupondea biskuti na mchi huku anaimba. Baba yenu akaingia. Ati kijana ametahiriwa Desemba, anatafuta nini jikoni kwa mama yake? Akampiga na kigoda, kichwa kikapasuka. Nikauokota mchi. Nimemvunja baba yenu mkono, na kama asingekimbia ningevunja na kichwa. Sijutii hata kidogo.

Nimempeleka Ken hospitali akashonwe.

~~Mwekee baba yako bakuli moja.~~ Hapana! Asionje.

Hii karatasi iache hapa mezani aisome.

Baba Ken, ukirudi na njaa, unga na mboga ziko jikoni kwangu. Lakini si hata wewe ulitahiriwa? Kaa nje.

Mama