Baba, Nilikuambia Kama Ulivyotaka

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, lakini siwezi kuanza kuzungumza nawe bila kukuamkia.

Wanaokuja Kiranjeranje kutupa pole wanautaja uprofesa wako wa tiba ya familia, wanafunzi uliowafundisha, na jarida la kitabibu ulilolihariri hadi ukastaafu. Mimi nakuona barazani, penseli sikioni kama seremala, unasahihisha vipeperushi vya afya huku Mama akibangua korosho. Madaktari waliandika "hali inayoweza kuhatarisha maisha". Ukafuta, ukaandika "ugonjwa huu unaua". Mama akalalamika kwamba unatisha watu. Ukamjibu kuwa anayefichwa hapati nafasi ya kujipanga, kisha ukamsomea upya na kumuuliza kama ameelewa. Akasema ameelewa kwamba ugali unapoa. Tulicheka sana.

Kisha ukaugua wewe. Kwa kuwa mimi ni muuguzi, daktari wa Lindi aliniita pembeni, akanieleza kuwa saratani imeshafika kwenye ini. Baba Mkubwa, kaka yako, akakataa katakata usiambiwe. Tuseme ni vidonda vya tumbo, basi. Kwake, kumwambia mtu kifo chake ni kumsukumia kaburini.

Ulingoja tubaki wawili, ukaniuliza. Nikaanza kuzungukazunguka: hali si nzuri sana, pengine dawa zitasaidia.

"Futa hiyo pengine," ukasema. "Sema tena."

"Baba, hutapona."

Ukasema Alhamdulillahi, halafu ukalia. Sikuwahi kukuona ukilia. Lakini ulipotulia ukaomba upelekwe Tingi kwa dada yako, ambaye mlikuwa hamsemezani kwa miaka, mkasameheana. Mikorosho ukaigawa kwa mdomo wako, na Mama ukamwomba radhi mbele yetu sote. Ukafa huna deni na mtu.

Baba Mkubwa hakunisamehe. Aliwaambia watu kwamba nimekuua kwa ulimi. Msibani alinipita kama sipo. Iliniuma, Baba, tena kuna siku nilikaribia kumwamini.

Jana akaja nyumbani. Amekonda, shati linamning'inia. Nilipomwamkia akaitikia, mara ya kwanza tangu tukuzike. Kesho anakwenda Lindi kuchukua majibu ya vipimo. Wanawe wanamwambia atapona, anasema, lakini hakuna hata mmoja anayemtazama usoni.

"Twende wote," akasema. "Daktari akimaliza, unieleze wewe. Usinifiche."

Amelala chumba cha pili, namsikia akikohoa. Kanzu yake nimeshaipiga pasi. Naogopa, Baba, kuliko nilivyoogopa siku ile. Nitamwambia.

Mungu alifanyie wasaa kaburi lako.

Binti yako,
Rehema