Upepo Niliouzidisha

Karakana ya Matairi,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta.
Jumanne, tarehe 9 Juni

Mpendwa mwanangu,

Pokea salamu za shangazi yako, nyingi na za dhati. Hujambo huko uliko? Kile kikohozi kimekwisha kweli, au bado unanijibu "nzuri tu" kama kawaida yako? Mimi mzima, ila goti la kulia linalalamika nikichuchumaa kufungua nati. Mama yako hajambo. Amepaka chumba chako rangi ya kijani bila kumuuliza mtu, na ole wake atakayesema haipendezi.

Najua unashangaa kuona barua wakati simu ipo. Kwenye simu ningekuuliza hali ya hewa mara tatu kisha nikakata. Kwenye karatasi siwezi kukimbia.

Ni habari ya mdogo wako na lile gari la mashindano. Jina la Breki limeshamganda. Hata mwenye gari anamwita hivyo.

Ile karatasi yako ya vipimo ilipofika, mimi ndiye niliyeisoma kwa sauti hapa karakana. Uliandika upepo ishirini na sita tairi likiwa baridi, ili likishika moto uwanjani lipande lenyewe hadi thelathini na mbili. Ukaandika pia magurudumu ya mbele yalazwe, vichwa viinamie ndani kwa nyuzi mbili na nusu, ili gari likiegemea kwenye kona tairi la nje likanyage kwa uso wake wote. Breki akaibandika ukutani. Alijivuna siku nzima: "Dada yangu huyo! Yuko mbali, lakini gari analiona."

Kazi ya kuyalaza magurudumu tulimpelekea fundi wa alaimenti, yule mrefu tunayemwita Rula. Alikataa kata kata. Akasema gari likitoka kwake limetanua miguu kama ndama anayejifunza kusimama, wateja wote watamkimbia. Ilibidi Breki amwandikie kwa mkono wake kwamba ni sisi tulioomba, ndipo akashika spana. Alifanya kazi safi, sina la kumlaumu.

Basi ukabaki upepo, na hapo ndipo nilipoharibu mimi.

Asubuhi ya mashindano Breki alipima ishirini na sita, matairi yote manne, kisha akaitwa kwenye mkutano wa madereva. Nikabaki na gari. Mwanangu, kwa miaka thelathini na moja hakuna gari lililotoka mikononi mwangu na tairi laini. Nililizunguka mara ya kwanza, nikalizunguka mara ya pili. Machoni pangu yale matairi yalikuwa yamechoka. Roho ikaniambia mtoto wa kaka yangu hawezi kwenda mbio juu ya matairi yaliyochoka. Nikavuta mpira wa upepo nikajaza thelathini na mbili yote. Nikajiambia, si ndiyo namba aliyoiandika dada yake? Nayafikisha mapema tu, yasihangaike njiani.

Nilisahau kwamba moto ungeongeza upepo wake juu ya wangu. Tena si kusahau. Nilijua, ila mkono ulishazoea.

Mzunguko wa nne, kwenye ile kona ndefu, gari liliteleza, likajigeuza, likajibamiza kwenye ukuta wa matairi makuukuu. Breki alitoka kwa miguu yake mwenyewe, mwili mzima bila mkwaruzo, na kwa hilo namshukuru Mungu mpaka leo. Nilipima upepo kabla matairi hayajapoa. Thelathini na tisa. Katikati ya uso wa tairi palikuwa pamesuguliwa hadi panang'aa, na mabega bado mapya kabisa. Tairi lililovimba linakanyaga kwa tumbo tu, wala sikuhitaji mtu wa kunieleza.

Nilikitia kipimo mfukoni nikajitia hamnazo.

Breki aliporudi kuliangalia gari alisema mbele ya watu: "Namba za dada hizi! Anakaa na makaratasi huko, amesahau gari linaendeshwaje." Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Kipimo kilikuwa mfukoni mwangu. Jioni yake akakupigia simu, na maneno aliyokuambia, mama yako aliyasikia yote kutoka jikoni. Tangu hapo ni wiki tatu hamjasemezana. Karatasi yako ameibandua. Mama yako ananiuliza kila siku hawa watoto wamepatwa na nini hata gari liwagombanishe, nami namjibu kwamba vijana ndivyo walivyo. Naona aibu mwanangu. Tangu kaka yangu alipotutoka niliomba jambo moja tu, kwamba nyinyi wawili msitengane, na leo mimi ndiye niliyewatenganisha kwa mpira wa upepo.

Namba zako zilikuwa sahihi. Nisamehe.

Nimejaribu kumwambia Breki. Mara tatu nimemwita kwa ajili hiyo, na mara tatu nimeishia kumtuma aniletee spana. Sasa nina spana nyingi mezani kuliko kazi. Jumamosi anaingia tena uwanjani na anataka kubahatisha vipimo vyake mwenyewe, kwa hiyo siwezi kuendelea kuzungusha maneno. Nimepiga moyo konde. Barua hii nitampa yeye aipeleke posta, na bahasha sitaifunga. Nitamwambia asome kwanza. Akitaka kunifokea, anifokee. Nitakuwa hapa hapa karakana.

Mumeo nisalimie sana, na mjukuu wangu mdogo aliyeota meno mbusu mashavu yote mawili. Mama yako anakusalimu, na Rula anauliza kama na wewe una gari lililotanua miguu. Mwenyezi Mungu akulinde uendako na urudipo, na akupe moyo mwepesi wa kutusamehe sisi wazito.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye hata ninapokukosea,

Shangazi

(Nyuma ya karatasi, kwa mwandiko mwingine)

Dada,

Nimesoma. Shangazi ameenda nyuma eti kutafuta jeki, lakini jeki iko hapa miguuni pangu.

Kuna jambo yeye halijui. Siku ile nilimwona. Nilikuwa dirishani, mkutanoni, nikamwona anajaza tairi moja baada ya jingine. Niliporudi nilitaka kupunguza, lakini alikuwa amesimama pale ananitazama, ameridhika, anapangusa mikono. Niliona haya kuutoa upepo aliouweka yeye. Nikapanda, nikaondoka.

Kumlaumu yeye sikuweza, kujilaumu mimi sikutaka, ukabaki wewe uliye mbali.

Karatasi yako nimeirudisha ukutani. Jumamosi naingia na ishirini na sita, na nitamwomba Shangazi apime kwa mkono wake. Ukinisamehe, niandikie. Usiponisamehe, niandikie hata mlalo wa magurudumu ya nyuma tu.